Kura za Kinyozi

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zitangulie, maneno yafuate. Huku sote wazima. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama huko kwenye duka la dawa mnahudumia wagonjwa tu au na wewe huwa unakumbuka kula. Baba yako nimemnyoa Jumamosi kama kawaida. Haongei sana, lakini alicheka mara moja, pale msaidizi wangu, yule tunayemwita Mkono Mwepesi, alipommwagia mteja poda masikioni. Tangu mama yako atutoke mwaka jana sikuwa nimemsikia akicheka, ndiyo maana nimeona nikuandikie na hilo.

Najua utasema, "Mjomba, simu unayo, barua ya nini?" Nitakujibu vilevile. Kwenye simu wewe ni Mwenyekiti wa Kundi la Wasomaji, una watu elfu tatu nyuma yako, na mimi ni mwanachama mmoja anayejiita Wembe Butu. Tumekubaliana kwamba huko hatujuani. Vizuri. Ya kundi yakae kwenye kundi, ya ukoo yaje kwa karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Umetangaza kwamba kura za Kitabu cha Mwaka zitafungwa mwisho wa Julai. Mimi changu nimekipata: Hodi ya Tatu. Usikunje uso. Najua ni hadithi ya mzimu, na najua kwenu wasomi mzimu ukiingia mlangoni fasihi inatorokea dirishani. Lakini nisikilize. Kuna mwanamke amefariki, na kila jioni anarudi nyumbani kwa kaka yake. Hatishi mtu. Anabisha hodi, anavua viatu, anaketi, anasimulia habari za mtaani kama mtu aliyetoka dukani. Kaka anamsikiliza. Basi, ni hivyo tu. Nilipofika ukurasa wa pili nilikuwa nimemsahau mteja kwenye kiti, povu limemkaukia shavuni.

Nikaanza kuwasomea wateja. Mkono Mwepesi ananyoa, mimi nakaa kwenye kiti cha pili, chini ya kile kioo chenye ufa, nasoma kwa sauti. Redio nimeizima. Sasa watu wanakuja kunyoa nywele ambazo hazijaota. Fundi magari wa jirani amekuja mara mbili wiki hii, kichwa kinang'aa kama kijiko. Nikamwuliza, "Tukunyoe nini, nyusi?" Akasema, "Wewe soma tu."

Hicho kitabu unachokisifu wewe asubuhi na jioni, Jengo Lisilo Ngazi, nimekijaribu. Kurasa arobaini, mtu bado anatafuta funguo! Na Hodi ya Tatu je, umeisoma? Niambie.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nashukuru Mungu nafanya kazi ya dawa na nimezoea mwandiko wa madaktari, la sivyo barua yako ningetafuta wa kunisomea. Mimi mzima, na mwambie mke wako nakula. Nimehama chumba. Sasa niko juu ya fundi cherehani, dirisha linatazama ukuta mweupe. Hakuna cha kuona, lakini ule ukuta unanirudishia mwanga, nasoma mpaka jioni bila kuwasha taa. Nimefurahi kusikia Baba kacheka. Kwenye simu ananiambia "niko salama" kisha anakata.

Jengo Lisilo Ngazi umeliacha mapema mno. Yule mtu hatafuti funguo, Mjomba. Funguo anazo mfukoni tangu ukurasa wa kwanza, anaogopa kufungua. Nilikisoma kaunta nimesimama, mteja akaniomba dawa ya kikohozi, nikamwambia, "Subiri kwanza aingie ndani." Bosi alinitazama mpaka nikafunga kitabu. Ni riwaya iliyoandikwa na mtu anayejua kusubiri, na sisi wasomaji siku hizi tumesahau kusubiri.

Kundi linanipa raha, sifichi. Tulianza watu sita tu tuliokuwa tukiazimana vitabu. Leo kuna nesi anayechambua riwaya za mapenzi akiwa zamu, kuna askari mstaafu asiyesoma kitu kama hakuna maiti ukurasa wa kwanza, kuna mwalimu wa hesabu, mkubwa kuliko sote, ambaye ujumbe wake wa sauti tunausikiliza kama taarifa ya habari. Wanabishana kutwa nzima kuhusu vitabu vya waandishi walio hai, na matusi hakuna. Hilo nimelisimamia mimi, na najivunia.

Ndiyo maana kuna kanuni, na niliiandika kwa mkono wangu: anayepiga kura awe amekimaliza kitabu, na mwanachama yeyote ana haki ya kumwuliza swali ili kuhakikisha. Kura zikilingana, Mwenyekiti ndiye mwamuzi. Kwa hiyo nakuomba, asije akajua mtu kwamba wewe ni mjomba wangu. Watasema Mwenyekiti anapanga matokeo na ukoo wake.

Hilo uliloniuliza mwishoni nitakujibu siku nyingine, kuna mtu kaunta.

Mpwa wako


19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huyo mtu wa kaunta bado hajaondoka? Maana naona mwezi unakatika.

Habari za nyumbani ni njema. Mke wangu amepaka rangi milango yote ya nyumba, buluu, bila kuniuliza, nami nimesifia kama mtu mwenye akili. Baba yako sasa akishanyolewa haondoki. Anahamia kwenye benchi, anakaa na kofia magotini, anasikiliza.

Mpwa wangu, nimekufanyia kazi kubwa. Wateja wangu wote wamejiunga na kundi lako! Fundi magari, mlinzi wa benki, muuza viatu, mwalimu wa udereva, wote hao na wenzao, vichwa kama thelathini. Wenye simu ndogo wamenunua simu kubwa. Kuna mmoja alikuwa hajashika riwaya tangu atoke shule, sasa anawatumia ndugu zake bando ili na wao waingie. Na wote wameipigia kura Hodi ya Tatu. Nimeangalia leo asubuhi, tunaongoza!

Sikuwahonga hata sabuni. Niliwasomea tu. Nikimaliza ukurasa nafunga, wananiomba, "Ongeza kidogo," kama watu walioshika vikombe. Nimenyoa watu miaka mingi, nimesifiwa mkono, nimesifiwa wembe, lakini sijawahi kuonekana mtu wa maana kama mwaka huu. Wewe ndiye uliyenitumia ule mwaliko wa kundi, kwa hiyo sifa nusu ni zako.

Nasubiri jibu langu.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazini wazima. Msalimie mke wako, milango ya buluu naipenda.

Mjomba, umeniweka pabaya. Wanachama waliwauliza wateja wako maswali, ni haki yao. Wa kwanza alikuwa fundi magari. Aliulizwa yule mwanamke alikufaje. Akajibu, na naandika kama alivyoandika: "Hiyo ilisomwa Jumanne, mimi huja Alhamisi." Mlinzi wa benki aliyajua mazishi yote, mpaka nani alilia na nani alichelewa, lakini hakujua kwamba marehemu hurudi. Kwake yeye ni kitabu cha mazishi. Muuza viatu aliapa kwamba hadithi inaisha pale jirani anapohama, kwa sababu hapo ndipo ndevu zake zilipoisha.

Hakuna hata mmoja aliyesikia kitabu chote! Kila mtu ana kipande cha siku yake. Ukiwakusanya wote thelathini ukawapanga kwenye benchi kwa mpangilio wa siku, unapata riwaya moja. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikakumbuka Mwenyekiti ni mimi. Kura zao nimezifuta.

Na hata hao thelathini ukiwapanga, riwaya haitimii. Mwalimu wa hesabu aliwauliza sura ya kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine. Wa Jumanne hakuisikia, wa Alhamisi hakuisikia, wa Jumamosi hakuisikia. Hakuna aliyeisikia. Akamgeukia Wembe Butu mwenyewe, na Wembe Butu akatoka hewani. Kwa hiyo kura yako pia nimeiweka kando mpaka ujibu.

Baada ya kufuta, Hodi ya Tatu na Jengo Lisilo Ngazi zimelingana kura kwa kura. Waliomaliza kusoma wote wameshapiga, na hakuna anayetaka kubadili. Watu elfu tatu wananitazama mimi niamue. Nikikosea, hili kundi halitanyanyuka tena.

Niandikie haraka.

Mpwa wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia tena kabla ya wewe kunijibu, jambo ambalo hujanifundisha. Umenyamaza zaidi ya mwezi. Baba ameniambia kwa simu kwamba redio inaimba tena dukani kwako, na kwamba yeye akinyolewa anarudi nyumbani moja kwa moja. Kwa Baba hiyo ni hotuba ndefu.

Kama nimekuaibisha mbele ya wateja wako, naomba radhi kwa hiyo aibu. Kwa kanuni siombi.

Mpwa wako


24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima. Mke wangu anakusalimu.

Wateja wangu si waongo. Waliulizwa walichosikia, wakasema walichosikia, na fundi magari alitaja mpaka siku. Wangapi katika hao elfu tatu wako wamesema ukweli hivyo? Walipofutwa walikuja dukani mmoja mmoja, wakasimama mlangoni kama watu waliofukuzwa kazi. Mlinzi wa benki akaniuliza, "Kumbe yule mama hurudi? Kwa nini hukunisubiri?" Nikawasha redio.

Sura ya kumi na tisa kurasa zake zilishikana kwa povu. Dukani kwangu povu ni jambo la kawaida. Niliruka, nikaendelea na ya ishirini. Ndiyo hivyo.

Sasa na mimi nakuuliza kwa mara ya tatu. Mwenyekiti, mwenye kanuni, mwenye kura ya uamuzi: wewe Hodi ya Tatu umeisoma? Nyani haoni kundule. Ukinijibu tena kwamba kuna mtu kaunta, nitapanda basi nije nimwondoe mwenyewe.

Mjomba wako


9 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehewe.

Ulipouliza mara ya tatu nilikuwa sijaisoma. Sasa nimeisoma. Kitabu nilikinunua wiki ile kilipotoka, nikasoma kurasa tatu, nikakitia chini kabisa ndani ya sanduku, nikalaza nguo za baridi juu yake. Mwanamke aliyekufa anavua viatu akiwa bado anaongea, kimoja ndani kimoja nje, na habari za mtaa hazijaisha. Huyo ni Mama, Mjomba. Wewe ulijua kuanzia ukurasa wa pili, ndiyo maana povu lilimkaukia yule mtu. Mimi nilijua nikafunga. Kisha nikasimama mbele ya watu nikasema hadithi za mizimu ni za kutishia watoto, afadhali tusome mambo mazito. Nilikuwa naikimbia tu.

Jumapili nilifunga mlango nikaisoma yote. Sura ya kumi na tisa, yule kaka anamwomba dada yake asirudi tena. Anamwambia kwa upole, anamshikia viatu avae. Kurasa zangu hazikuwa na povu, lakini nilizifungua kwa shida ileile ya zako. Nililia mpaka fundi cherehani akapanda kuuliza kulikoni. Nikamwambia nimemaliza kitabu kizuri, na ni kweli.

Tangu tumzike hujalitamka neno dada. Unaandika "mama yako, mama yako", kama vile alikuwa wangu peke yangu. Alikuwa wako kabla hajawa wangu. Ungeisomaje hiyo sura mbele ya watu wenye mashuka shingoni? Hata mimi mbele yao nisingeweza bila wewe kando yangu.

Nimeomba likizo na nimepewa. Jumamosi tarehe 26 nipo dukani kwako. Waite wa Jumanne, wa Alhamisi na wa Jumamosi, waje siku moja wote, wenye nywele na wasio nazo. Wewe utaanza ukurasa wa kwanza, tutapokezana, na sura ya kumi na tisa nitaisoma mimi. Wakisikie kitabu chote. Ni haki yao, hata kama hakuna kura.

Lakini usije ukadhani nimehongeka. Kulia nimelia, na bado naona Jengo Lisilo Ngazi limeandikwa vizuri zaidi.

Mpwa wako


8 Agosti

Mpwa wangu, Mwenyekiti,

Marahaba, na salamu za mtaa mzima, maana barua hii imeandikwa huku nikisimamiwa. Mke wangu anasema mto ulioulalia haujafuliwa, hataki mtu auguse. Mkono Mwepesi anasema uje tena, siku ile hakumkata mtu hata mmoja.

Uliondoka na basi la asubuhi, hukuona yaliyofuata, kwa hiyo acha nikusimulie. Lakini kwanza nisimulie na uliyoyaona, maana wewe ulikuwa unatazama kitabu na mimi nilikuwa nawatazama watu. Benchi za kuazima ziliishia nje ya mlango. Mlinzi wa benki alikuja na sare yake. Ulipoanza sura ya kumi na tisa, Mkono Mwepesi alizima mashine katikati ya kichwa cha muuza viatu, na muuza viatu akakaa hivyo, nusu msitu nusu uwanja, hakudai. Fundi magari alikuwa anaangalia dari. Ulipofika pale pa viatu sauti yako ilitetemeka ikasimama, ukaendelea. Kisha Baba yako, ambaye hajaniambia maneno kumi tangu msiba, akasema kwa sauti ya kusikika, "Rudia hapo." Nawe ukarudia, neno kwa neno, na mara ya pili haikutetemeka. Nilijivuna mpaka nikaona haya.

Halafu ile tarehe 30 nikafungua simu, nikakuta tangazo uliloandika mbele ya watu wote. Nimelisoma mara nyingi, nalijua kwa moyo. Umeandika kwamba Wembe Butu ni mjomba wako, kaka wa mama yako mzazi, na kwamba ulikosea kulificha. Kwamba wateja wake sasa wamekisikia kitabu mwanzo hadi mwisho, lakini shahidi wao ni wewe, na wewe ni wa ukoo, kwa hiyo kura zao hazirudi, wala ya Wembe Butu. Kwamba kwa sababu hiyohiyo unaivua kura yako ya uamuzi na kumkabidhi mwalimu wa hesabu, aamue anavyoona.

Naye akaona Jengo Lisilo Ngazi. Tumeshindwa!

Dukani palichafuka. Fundi magari alisema wewe ni mpwa wa aina gani, mjomba anakupa kura thelathini mkononi unazimwaga. Nikamwambia, "Huyo ndiye mpwa ninayemtaka mimi. Angezipokea ningeona haya kumwita wetu." Wale watu wako walikuwa wanasubiri wakuone ukitetereka, na hukutetereka. Nesi ameandika kwamba hajawahi kuona uchaguzi safi kama huu, hata wa serikali. Yule askari mstaafu ameniomba anwani, anataka kuja kunyolewa, na nimemwambia nauli ajitegemee. Asiyekubali kushindwa si mshindani, basi mimi nimekubali, na ninatembea kifua mbele kuliko aliyeshinda. Jumatatu tumeanza kusoma hilo Jengo lako. Safari hii kila anayekosa siku lazima asimuliwe kwanza na aliyekuwepo, ndipo akalie kiti. Wanalalamika kuhusu zile funguo, lakini wanarudi.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Jana aliingia mteja mgeni, hanijui simjui. Akawasikia wanakusifu, akauliza yule msichana aliyesoma siku ile ni nani. Wote wakageuka wakanitazama, hata Baba yako kule kwenye benchi. Nikaweka wembe chini, nikasema, "Ni mtoto wa dada yangu." Nikangoja sauti ikatike kama inavyokatika kila nikijaribu kulisema hilo neno. Haikukatika. Nikasema tena, kwa raha zangu: dada yangu.

Mjomba wako